Nilivyotoka ndani kabla siku zangu hazijaisha, nikampeleka mume wangu hospitali kwa jicho langu

Wakuu, shikamoo zenu nazipokea mapema: marahaba. Mimi ni bibi wa Old Moshi, simu naijua, na haya yalinipata mwenyewe. Chumvi sitii.

Mwingereza bado anatawala. Nimeolewa, nimewekwa ndani kwa mama mkwe, desturi yetu Wachagga. Bi harusi hashiki jembe, hatoki nje mpaka siku zake ziishe, anakula mtori na maziwa anenepe. Raha tupu, asikudanganye mtu.

Basi jicho moja likaanza. Jekundu, zito, asubuhi limegandana kwa matongotongo. Mama mkwe akasema ni moshi wa kuni.

Nikaletewa dawa ya kupaka, likapata nafuu. Mume wangu Elia, mpagazi wa wazungu mlimani, akarudi nyumbani. Jicho nalo likarudi. Akapanda tena mlima, nikapaka, nikapata nafuu. Akashuka, hilo hapo tena!

Na yeye jicho lake lilikuwa jekundu. Watu wakasema, "Lake ni mng'aro wa theluji ya mlimani." Yaani yeye theluji, mimi moshi. Jamani!

Mchana mmoja nikamsikia mama mkwe akimwambia jirani, "Huyu tumepewa mgonjwa. Asipopona namrudisha kwao."

Wakuu, niliumia. Kurudishwa kutoka ndani ilikuwa aibu ya ukoo mzima, na Elia nilimpenda.

Nikatoka. Bi harusi, mchana kweupe! Nikamwambia, "Elia, macho yanatuuma wawili. Hospitali tunakwenda wawili." Akacheka, kisha akaona sitanii, akavaa koti. Mama mkwe nyuma yetu: "Yeuwi! Anamswaga mwanangu kama mbuzi!"

Daktari wa mjini alituuliza ya chumbani mpaka nikaangalia sakafu. Akasema vijidudu hivi hukaa sehemu za siri, hata bila maumivu yoyote. Watu wanaambukizana wakikutana kimwili, na mkono ukitoka huko ukafikicha jicho, vinahamia jichoni. Akitibiwa mmoja, mwenzake anamrudishia.

Tukapewa vidonge wote, na amri ya kutokutana mpaka tupone.

Nani alimletea mwenzake? Najua mtauliza tu. Sisi tulimeza dawa, hatukugombana.

Tukapona kabisa. Elia akawaambia wapagazi wenzake bila haya, "Mke wangu ndiye aliyeshtuka." Nilitembea kifua mbele mpaka sokoni, na leo bado najivunia.

Baadaye mdogo wake Elia akaoa. Bi harusi akaamka jicho jekundu. Mama mkwe, yule yule, akafungua mlango mwenyewe: "Tokeni wote wawili. Na msinirudie hapa na dawa ya mtu mmoja!"

Vijana, dawa zimebadilika, aibu ni ile ile. Jicho likigoma kupona, nenda kapime na mwenzako, mtibiwe pamoja.

Haya, wa kuuliza aulize, wa kubisha abishe. Bibi yupo hapa anakunywa chai.