Jina Nililolisoma Kwenye Kipaza Sauti

Ipo Ijumaa moja ninayoikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, katibu wa kamati ya zaka katika msikiti wetu hapa Kyela mjini, na ndiyo kwanza msikiti ulikuwa umepata kipaza sauti. Nakusimulia kwa sababu wewe ndiye katibu mpya, na nitavumilia ukipiga miayo. Kila baada ya mavuno nayarudia maneno haya kwa vijana, nao huitikia "ndiyo mzee" huku akili zao ziko kwingine. Nimechoka, lakini nitasema tena.

Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamenung'unika. Wakulima wa Ngonga na Makwale walileta zaka ya mpunga, fungu moja katika kumi kwa shamba la mvua kama sheria inavyotaka, halafu maneno yakazagaa sokoni kwamba kamati imekula. Hatukula hata punje. Ila hatukuwa na namna ya kuonyesha, na mimi damu ikanichemka, nikaapa kwamba safari hii kila mtu atajua kila gunia limekwenda wapi. Mpaka leo naamini nia ilikuwa sahihi. Niliharibu kwenye namna ya kuitimiza.

Alikuwapo mama mmoja, Tusekile. Alizaliwa Busale katika familia ya Kikristo ya wakulima wa kakao, akaolewa na mfanyabiashara wa vitenge kutoka Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, akasilimu. Mume akafariki, akamwachia watoto wawili na nyumba ya vyumba viwili karibu na soko. Kaka zake walitaka arudi Busale. Yeye alitaka kuwalea wanawe palepale walipoishi na baba yao. Kaka mkubwa, Ambakisye, ambaye neno lake lilikuwa la mwisho kwa kuwa baba yao hakuwapo tena, alimkubalia kwa sharti moja: siku akisikia dada yake anaombaomba, anakuja kumchukua.

Haya yote aliniambia mwenyewe nilipopita kuandika majina, huku akigeuza vitumbua vyake vya kuuza.

"Niandike, kaka," alisema. "Watoto wanalala na uji. Lakini kaka zangu wasijue."

"Hawatajua, mama," nikamjibu.

Niliahidi kwa mdomo wangu huu, na sikuwa nadanganya. Ijumaa ikafika. Baada ya swala nikashika kile kipaza sauti nikaanza kusoma majina: fulani wa mtaa fulani, gunia moja, aje achukue uani. Sauti yangu ilinipendeza, nakiri. Nilipofika kwenye jina la Tusekile nilikumbuka. Hili sikumwambia mtu kwa miaka mingi, kwamba nilikumbuka kabisa, nikasita, halafu nikajiambia nikimruka mmoja watasema nimeficha. Nikalisoma.

Ilikuwa siku Ambakisye ameleta ndizi sokoni. Alifika msikitini kabla ya Alasiri, amevua kofia, mpole kabisa.

"Ugonile, kijana," alinisalimia kwa Kinyakyusa. "Nimemsikia dada yangu akitangazwa. Nimekuja kumchukua."

Nilimweleza kwamba zaka si kuomba, ni haki ya mtu iliyomo katika mali ya mwenzake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Labda kwenu," alisema. "Sokoni wamesikia kwamba mtoto wa baba yangu hana chakula."

Jioni ile ile gari lilisimama mlangoni kwa Tusekile. Nilikwenda kusaidia, sijui kwa nini, nikafunga godoro kwa kamba. Watoto walikaa juu ya mizigo. Tusekile hakulia wala hakunitukana. Alinitazama, akasema, "Uliniahidi," akapanda garini.

Simlaumu Ambakisye. Alimlisha dada yake, akasomesha watoto. Lakini nyumba ile ndugu wa marehemu waliiuza, na Tusekile, aliyekuwa na mlango wake na biashara yake ndogo, akaishi chumba cha nyuma ya jiko la kaka yake, akiomba ruhusa hata ya kuja mjini. Hilo nililifanya mimi, kwa zaka, kwa jina la uaminifu.

Aliyenikemea ni Maalimu Sudi, aliyekuwa akituswalisha. Hakupandisha sauti.

"Lile gunia lilikuwa la nani?" aliniuliza.

"La kamati, Maalimu."

"Lilikuwa la Tusekile tangu mpunga ulipovunwa. Mkulima alimshikia tu, na wewe ulikuwa mpagazi. Umeona wapi mpagazi akitangaza mzigo wa mtu stendi nzima?"

Nikamwambia gunia lake bado liko uani.

"Basi mpelekee chake," alisema, "na ufunge mdomo."

Nikampelekea gunia lake Busale, akalipokea. "Ndaga," alishukuru, bila kunitazama. Nikamwomba msamaha, akaingia ndani. Nikarudi mwaka uliofuata, akaingia ndani vilevile. Mara ya tatu alinijibu: "Nimekusamehe. Sasa usije tena, kaka. Majirani wameanza kuuliza unafuata nini kwangu." Hata msamaha, mwanangu, nilikuwa nauomba kwa kumwanika. Sikwenda tena, na sasa amekwisha kufariki.

Ndiyo maana nilikataa jana usipige picha kwa simu yako, uliposema wafadhili wa Dar wanataka picha za wajane wakipokea mchele. Ulinuna, nikakuona. Wafadhili wana haki ya kujua, usidhani nawabeza. Waambie magunia mangapi yameingia, yametoka hapa nchini au ng'ambo, yamefika kaya ngapi na siku gani. Yasome hayo hata kwenye kipaza sauti, kila mwaka, bila kuulizwa, maana kamati inayoficha hesabu inaua imani ya watu. Majina yabaki kwenye daftari, wayajue watu wawili wacha Mungu, na anayeshuku aje akague kwa staha. Mchele upeleke mpaka mlangoni, mapema, mtu apokee kama anayetoka mashineni kukoboa mpunga wake. Usiukalishe stoo ukisubiri mgeni rasmi, kwa sababu tumbo halimjui mgeni rasmi. Na usiugeuze bati la msikiti hata paa likivuja. Bati litafutiwe sadaka nyingine, zaka ina wenyewe waliotajwa katika Kurani. Mtu akikuomba siri, ukaahidi, basi ahadi hiyo nayo ni amana, uifikishe nzima kama unavyolifikisha gunia.

Mimi nilitaka watu waone kwamba sikuiba. Wakaona. Hakuna aliyenishuku tena mpaka leo, na mama mmoja alilipia sifa yangu hiyo kwa nyumba yake.

Nenda sasa, wanakungoja. Mungu akupe mikono safi na mdomo mzito, akufanye mtu ambaye maskini akimwona anakuja hafungi mlango, na siku ya kuulizwa akukute huna jina la mtu yeyote shingoni mwako.