Ng'ombe wa Faini ya Baba

Tribinali ya chifu, mahali pa kuamulia kesi kule kwetu juu ya Ngungu, ilinuka mablanketi yaliyolowa mvua. Watu walioteremka milimani alfajiri walikaa sakafuni wakikaukia humo humo, moshi wa viko vyao ukichanganyika na harufu ya siagi ambayo wanawake wa wafugaji walijipaka mwilini. Nyuma ya meza kulikuwa na harufu nyingine: pombe ya mtama iliyotoka vinywani mwa waamuzi kabla jua halijapanda. Nilikuwa mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka, katika miaka ile Wabelgiji walipokuwa bado wanatutawala, na nilikaa miguuni pa mama nikijifunika pua kwa kitenge chake.

Wakati huo kila mwanamume alipimiwa kipande cha mlima achimbe mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Baba hakuchimba chake. Alikuwa amelala na homa ya kifua, akikohoa hadi mama anamshika mbavu. Asubuhi ile ya tribinali alihukumiwa pamoja naye mfugaji mmoja tajiri, ambaye hakuchimba kwa sababu hakujisikia kuchimba. Wote wawili walikatwa faini ile ile, amande kama tulivyoiita, na juu yake gharama za kusikiliza kesi. Yule tajiri alicheka, akatoa pesa kwenye koti, akaenda zake. Baba alibaki amesimama, kofia mkononi.

“Mukubwa, nilikuwa mugonjwa,” alisema. “Hii amande nitaitoa wapi? Sina ng'ombe, sina mbuzi.”

Mwamuzi mkubwa, mtu mnene mwenye macho mekundu, hakumtazama yeye. Alimtazama dada yangu Sifa, aliyekuwa amesimama mlangoni, msichana mrefu aliyekuwa ameanza kujifunga kitenge kama mwanamke.

“Unasema hauna kitu,” alisema. “Na ule binti ni nini?”

Watu walicheka. Baba alivaa kofia yake. “Ule mutoto haiko mbuzi,” akajibu. “Munifunge.”

Wakamfunga. Alipelekwa kubeba mawe kwenye barabara ya kuteremka Sake, mgonjwa vile alivyokuwa. Mama alimpelekea viazi na maharage kila alipoweza, nami nilimfuata, na tulimkuta amekaa kando ya lundo la mawe akihema kwa kufungua mdomo kama kuku aliyeshikwa na jua. Hakulalamika. Alichouliza kila mara kilikuwa kimoja tu: “Sifa iko muzima?”

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Papa mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja, alianza kuja kwetu jioni na maneno laini. Mwamuzi alikuwa na mdogo wake, mgane aliyetafuta mke. Angetoa ng'ombe, ng'ombe angelipa faini, baba angetoka kabla hajafia barabarani. Mama alilia, akakataa, kisha kikohozi cha baba kikaanza kutoa damu na mama akanyamaza. Hakuna aliyemuuliza Sifa. Ng'ombe aliletwa uani kwetu, jike jekundu lenye pembe moja iliyopinda hadi karibu na jicho. Sifa alisuguliwa mafuta, akaondoka akiwa amefunikwa kichwa. Papa mdogo alimswaga yule ng'ombe hadi tribinali, akauzwa pale pale kiwanjani. Bei yake ilitosha faini na gharama, haikuzidi hata kidogo. Aliyemnunua alikuwa mwamuzi mwenyewe. Juma lililofuata, nikienda kuteka maji, nilimwona yule yule wa pembe iliyopinda akinyonyesha ndama katika zizi la mwamuzi. Nilirudi nyumbani na mtungi mtupu.

Baba alifunguliwa bila kujua ni nani aliyemlipia. Alifika nyumbani, akakuta papa mdogo amemwekea kibuyu cha pombe ya kumpokea. Alikunywa funda la kwanza huku akiita, “Sifa! Leta maji, mama yangu.” Maji yaliletwa na mama. Papa mdogo ndiye aliyemwambia. Baba alitema pombe ile miguuni pa ndugu yake, akatoka vile vile na nguo za barabarani, nami nikamfuata mbio.

Kwa yule mgane walimwambia arudishe ng'ombe kwanza. Alienda tribinali kushitaki kwamba binti yake ameolewa bila idhini yake. Karani, kijana aliyepaka nywele mafuta, alimjibu bila kuinua macho: “Utoe frais kwanza, Papa, ile pesa ya kesi. Bila frais, mashitaka haifunguliwe.” Tulirudi tena kwa mgane, baba akiwa ameokota gongo njiani. Sifa akatoka nje, akamshika mkono ule wenye gongo.

“Papa, rudia nyumbani,” alisema. “Ukimupiga, watakufunga tena. Na pale kwetu, binti wa kulipia faini amebakia nani?” Akanigeukia mimi. “Ni huyu mudogo wangu tu.”

Baba aliacha gongo likaanguka, akanibeba mgongoni ingawa nilikuwa nimepita umri wa kubebwa, na njia nzima nilisikia kifua chake kikikwaruza chini ya masikio yangu. Hakusema na ndugu yake tena hadi alipokufa. Sifa alizaa, akazeeka, akazikwa kule kule. Hakuna siku niliyomsikia akimtaja mumewe kwa jina.

Siku hizi nasikia mambo yamebadilika. Hakuna mitaro ya lazima, hakuna kubeba mawe, na sheria, wanasema, humhurumia asiye na kitu. Mwaka jana mjukuu wangu alihukumiwa faini kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Nikaenda mwenyewe na fimbo yangu kueleza kwamba hana cha kulipa. Kijana wa ofisini alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniita Mama. Akasema inafaa tupate kwanza karatasi ya kuhakikisha kwamba mjukuu wangu ni maskini.

Nikamuuliza karatasi hiyo inatolewa wapi.

“Ni hapa hapa, Mama,” akasema, akafungua droo. “Lakini inalipiwa.”