Herufi za Taipureta ya Baba

Wazo lilikuwa langu. Naanza na hilo, maana pale dukani kwetu Gitega watu wanapenda kulisahau. Tunachapisha kadi za harusi na za kipaimara, mimi na dada mmoja mzaliwa wa Bugendana ninayekaa naye meza moja. Mimi ndiye niliyesema tutengeneze fonti, yaani herufi za kuchapia kwenye kompyuta, kila mtu yake, kutoka kwenye taipureta ya baba yangu kule Muyinga. Baba alirudi nayo kutoka Tanzania akiwa ameibeba kichwani, akawapigia watu barua barazani miaka na miaka. Nilitaka kitu kimoja tu: Baba aishike karatasi yangu, aione kazi ya mikono yake.

Tulipofika Muyinga nilimwomba apige alfabeti mara moja, nikapiga picha, basi. Mwenzangu akavuta kigoda.

"Mzee, a iko moja tu? Mi nataka zingine. Piga kama umekasirika. Sasa kama umechoka."

Na Baba, ambaye mimi nikimuuliza jambo mara mbili anang'aka, alipiga a mpaka chai ikapoa, huku akicheka na kumwita "binti yangu". Binti yangu! Na mimi nimekaa pale pale. Niliona wivu, sisemi uongo. Nikatoka kumenya ndizi bila kutumwa na mtu.

Kwenye kompyuta nilisafisha kila kitu. Tundu la a lililojaa wino nililizibua, e iliyopanda juu ya mstari nikaishusha. Mwenzangu alitengeneza a nne zinazopokezana kila ukiandika, zote chafu.

"Utamwaibisha mzee wangu," nikamwambia.

"Tutaona," akajibu.

Tukarudi Muyinga na barua ileile moja tuliyoichapa kwenye karatasi mbili, kila mtu na fonti yake. Baba akavaa miwani. Yangu aliisoma mpaka mwisho.

"Nzuri sana, mwanangu. Safi kabisa."

Ya mwenzangu hakuisemea neno. Alisoma mistari miwili, akaigeuza, akaanza kupapasa mgongo wa karatasi kwa kidole gumba, polepole, penye nukta. Taipureta hupiga nukta kwa nguvu. Ukipapasa nyuma ya karatasi unasikia vipele. Baba alikuwa anavitafuta. Hakuvipata, akaiweka karatasi mezani na kuuliza kama tumekula.

Yangu hakuigeuza.

Njiani mwenzangu alikuwa mnyonge kweli.

"We umeshinda, dada. Yangu mzee hakuisifu hata kidogo. Mpaka akaigeuza, sijui alikuwa anatafuta nini."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza. Nikampa pole, nikamwambia pengine azisafishe zile a.

Jumatatu alizisafisha zote nne, na mimi nimekaa pembeni yake.