Mteremko wa Njia ya Kabambare

Nimezaliwa Ujiji, katika ukoo wa Kimanyema uliovuka ziwa zamani, na utoto wangu wote nililelewa kwa habari za Kasongo, kule Kongo walikotoka babu zetu. Nilipofikisha miaka hamsini, watoto wote wakiwa na kwao, nikasema naenda kuiona, kisha naendesha baiskeli kutoka huko mpaka ziwani, nivuke kurudi nyumbani, peke yangu. Dada yangu aliniuliza kama nimepagawa. Nikamjibu kwamba kupagawa ni kukaa kumsikiliza yeye. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hauna breki.

Mgeni ni kuku mweupe, na asubuhi ile Kasongo ilinitazama hasa. Mwanamke peke yake juu ya kinga, kama wanavyoiita baiskeli, na nyuma hana hata dumu moja la mawese! Kwenye njia ile ya Kabambare baiskeli ni ya mizigo. Mtu anaipakia mpaka haionekani, anafunga fimbo kwenye usukani na kuisukuma huku akitembea kando. Watu walinionya mengi kabla sijaondoka. Mimi nilishika moja tu, kwamba njiani kuna watu wabaya.

Saa nne nzima nilikula matope. Nilishuka, nikasukuma, nikapanda, nikashuka tena, nikiitukana njia kwa sauti katikati ya kijiji na kijiji, pasipo na wa kunisikia. Ndipo nikafika juu ya mlima mmoja, na mbele yangu ukalala mteremko mrefu, mkavu, wa kwanza tangu asubuhi. Nikaiachia baiskeli.

Katikati ya mteremko nilimwona mwanamume akipanda, akisukuma baiskeli yenye bunda kubwa la vikwembe, vitenge vya huko, lililofungwa kwa mipira ya tairi. Aliinua mkono.

"Mama! Mama, simama kidogo!"

Nikajisemea, ndio hawa. Nikapiga kengele, nikapaza sauti, "Sina kitu!" nikampita kama upepo. Nakiri kwamba nilicheka.

Chini kulikuwa na kijito na daraja la magogo. Bibi mmoja mzee alikuwa ameketi ukingoni akitoa muhogo uliolowekwa, mguu wake mmoja umefungwa kitambaa. Tuliamkiana. Kisha akaniuliza, "Umewaacha wapi? Wamefika juu?"

"Nani?"

"Bwana na bibi yake. Mutoto amekataa kutoka tangu jana. Anamupeleka hospitali, kule Kasongo. Pikipiki zote ziko Salamabila, kwenye wanachimba zahabu."

Nilimwambia sikumwona mwanamke yeyote. Nilimwona mwanamume na mzigo wa vikwembe.

Bibi aliacha muhogo. "Ile haiko muzigo, mama. Ni mutu. Tulimufunga ili asianguke."

Nililiona tena lile bunda, na sasa niliona kilichokuwa mbele ya macho yangu muda wote: unyayo mmoja, mtupu, ukining'inia kando ya gurudumu. Niliuona wakati ule pia. Niliuona na nikapita.

"Haukumusukumia?" Hakuuliza kwa ukali. Alishangaa tu. "Huku mwenye anashuka anaweka kinga yake chini, anasukuma mwenye anapanda. Mimi mguu unanikatala. Nilimuambia, nenda tu, ule mulima haukosake mutu mwenye anashuka."

Na kweli haukukosa.

Nilimwachia baiskeli yangu, pasipoti, kila kitu, nikaupanda mlima ule mbio kwa miguu, mimi niliyekuwa naogopa kuibiwa. Niliwakuta si mbali na pale nilipowapita. Tairi la nyuma lilikuwa limeteleza kwenye mfereji, na yule mwanamume alikuwa ameiegemeza baiskeli kwa mgongo wake, miguu ikimtetemeka, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mkewe alikuwa amelaza kichwa kwenye kiti, midomo imekauka. Alikuwa na umri wa binti yangu.

Sikuomba radhi. Pumzi ya kusemea sikuwa nayo. Niliweka bega langu kwenye baiskeli, kando ya mgongo wake, nikasukuma. Huko juu tuliwapata wengine, kijiji kwa kijiji, kila mmoja akiacha alichokuwa akifanya na kutupokea, hakuna aliyesubiri kuombwa.

Mtoto alilia jua likiwa limeanza kuinama. Msichana. Mama yake mzima. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikalia kuliko yule mtoto, miguu yangu yote matope, pale pale Kasongo nilipoanzia safari.

Baba wa mtoto alitoka, akawa anawasimulia watu: mama huyu ametoka Tanzania, ametukuta mlimani, ametusukuma. Hakusema zaidi ya hapo. Nilishindwa kuvumilia, nikamvuta pembeni.

"Mimi ndiye niliyekupita."

"Ninajua, mama."

"Mbona huwaambii?"

Mikono yake ilikuwa bado imejikunja, kama imeshika usukani.

"Kesho utashuka tena ule mulima, kuchukua kinga yako?"

"Nitashuka."

"Basi ukikuta mutu anapanda," akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto salamu, "simama."