Sentensi Moja Niliyomnyima Mkunga wa Mwanangu

Kosa ni langu. Nimejaribu kuligawa, kipande niwape wakubwa, kipande nikibandike kwa utaratibu wa kazi, lakini kila asubuhi linarudi kwangu likiwa zima. Nawe unayesoma nivumilie kidogo, maana lazima kwanza nikueleze kazi yangu ndipo uone nilivyomchoma mtu aliyeniamini.

Mimi ni karani katika ofisi moja katikati ya Nairobi. Tunaihudumia kamati ya wabunge inayofuatilia jinsi pesa za umma zinavyotumika. Barua zote zinazoandikiwa kamati hiyo hupita mezani pangu.

Barua za wakubwa serikalini huletwa na tarishi. Zina nembo juu na muhuri chini, na tarishi haniachii mpaka nitie sahihi kwenye kitabu chake. Za wananchi huja vyovyote: karatasi ya daftari, bahasha iliyokwisha kutumika, mara nyingine ukurasa uliochanwa kwenye kalenda. Zote nazigonga muhuri wa tarehe ya kufika. Ya mwananchi yenye jina na sahihi hupewa namba na kuingia kwenye faili. Isiyo na jina huingia droo ya chini. Sijawahi kuona droo hiyo ikifunguliwa ila kuongezwa barua nyingine.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipoanguka. Barua yenye jina ikishapewa namba, nakala yake hutumwa kwa yule anayelalamikiwa ili ajibu. Hutumwa nzima, pamoja na jina. Ni haki, kwa kuwa mtu hawezi kujibu asichokijua. Lakini mwandishi akiongeza maneno haya tu, "Naomba jina langu lisitolewe kwa mtu yeyote nje ya kamati," barua hutengwa, mwenyekiti huamua, na jina hufichwa. Sentensi moja! Haihitaji wakili wala haina malipo.

Mama Mercy hakuijua sentensi hiyo. Mimi niliijua.

Hilo si jina lake la kweli. Alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya umma huku magharibi mwa jiji, na tulisali naye kanisa moja hapa Waithaka. Mke wangu aliposhikwa na uchungu kabla ya siku zake, Mama Mercy ndiye aliyempokea binti yetu, Imani, akampuliza puani mpaka akalia. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina jingine ila Baba Imani.

Jumapili moja baada ya ibada alinivuta kando, nyuma ya jiko la kanisa.

"Baba Imani, wewe si unafanya kazi kule kwa wabunge?"

"Nafanya, Mama. Lakini mimi ni mtu wa makaratasi tu."

"Huyo wa makaratasi ndiye nataka. Hao wengine nawaona kwa TV."

Akanieleza. Hospitali yao ilikuwa imeripoti kwamba wodi mpya ya akina mama imekamilika na inatumika. Ukweli ni kwamba mlango wake ulikuwa na kufuli, na ndani hakukuwa na kitanda hata kimoja wala bomba la maji. Katika wodi ya zamani akina mama walilala wawili wawili. Wiki hiyo mmoja alikuwa amejifungulia kwenye benchi la korido, na mtoto hakuishi.

"Nilimshika na hii mikono," akasema. "Nimebakisha miaka miwili nistaafu. Nilikuwa nimejiambia ninyamaze nimalize. Nimeshindwa, Baba Imani."

Siku mbili baadaye alikuja mjini na barua. Nikamkaribisha chai kwenye mkahawa ulio nyuma ya ofisi yetu. Ilikuwa barua safi, yenye kila kitu mahali pake. Chini alikuwa ameandika "Muuguzi" basi.

Napenda kueleza mambo, wanaonijua watakuambia. Nilimfundisha namna ya kuandika kichwa cha barua, namna ya kupanga mambo kwa mfuatano, mahali pa kubandika picha za lile kufuli. Nilimsifu. Nilimpa moyo. Kisha nikamwambia, "Mama, bila jina hii haifiki popote. Weka jina, namba ya kitambulisho na cheo chako."

Akacheka. "Wewe! Unataka nijichimbie kaburi na niandike jina langu juu?"

"Usiogope. Barua yenye jina ina nguvu. Nitaishughulikia mimi mwenyewe."

"Na mkubwa wangu hataiona?"

Nikakoroga chai ambayo sikuwa nimeitia sukari.

"Inaenda kwa kamati, Mama," nikasema.

Haukuwa uongo. Lakini je, lilikuwa jibu?

Nikuambie kwa nini. Bunge lilikuwa karibu kwenda likizo, na barua zinazotengwa kwa ajili ya kuficha jina hukawia. Niliona hiyo sentensi ikiingia, barua itangoja miezi. Tena nilijua kwamba nikimweleza ukweli wote, huenda angeikunja barua yake airudishe mkobani. Na kuna la tatu, la aibu: nilitaka bosi wangu aone kwamba mimi ndiye niliyeleta barua nzuri kama ile. Basi Mama Mercy akachukua kalamu yangu, akaandika jina lake lote, herufi kubwa kubwa. Kalamu yangu, jamani!

Barua ikapewa namba. Nakala ikaenda hospitalini.

Majibu yalikuja katika bahasha nyeupe yenye nembo. Mkuu wa hospitali aliandika kwa adabu sana kwamba wodi "inasubiri vifaa vichache." Akaambatanisha barua ya kumtaka Mama Mercy ajieleze kwa nini asifukuzwe, kwa utovu wa nidhamu na kutoonekana kazini. Nikaangalia tarehe ya barua hiyo. Kisha nikafungua kitabu cha kupeleka barua. Barua hiyo ya nidhamu iliandikwa siku nne baada ya nakala yetu kupokelewa kwake. Sahihi ya kupokea ilikuwa pale, kwa wino.

Mtu yeyote angeziweka tarehe hizo mbili pamoja angeelewa. Ila wabunge hawasomi rundo lote, husoma ukurasa mmoja wa muhtasari, na muhtasari naandika mimi. Niliandika hivi: "Hospitali imejibu. Jengo linasubiri vifaa. Mlalamishi anakabiliwa na hatua za nidhamu."

Kila neno lilikuwa kweli. Kuhusu tarehe sikuandika kitu, kwa maana swali ambalo lingefuata lingekuwa: nani aliacha jina lake wazi?

Siku ya kikao nilikaa ukutani na faili magotini. Mbunge mmoja alitupa jicho kwenye ukurasa akasema, "Huyu ana kinyongo na mkubwa wake, si mnaona?" Mwenyekiti akasema, "Haya, limezingatiwa. Tuendelee." Chai yangu ilikuwa bado inatoa mvuke.

Mama Mercy alifukuzwa kazi. Akatolewa pia kwenye nyumba ya wafanyakazi, pale ndani ya ua wa hospitali, alikokuwa akiishi na mama yake mzee. Alinipigia simu mara nyingi na sikushika. Nikaanza kusali kanisa jingine. Mke wangu alipoujua ukweli hakupiga kelele. Alisema tu, "Yeye alikuletea mtoto. Wewe umempeleka wapi?" Hadi leo tunaongea naye mambo ya unga na karo, hatuvuki hapo.

Juzi nilitumwa Hurlingham kupeleka makaratasi. Nje ya duka la dawa nikamwona Mama Mercy anasukuma mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Sasa ameajiriwa kumtunza huyo mzee kwa mshahara wa kibarua. Alikuwa amekonda.

"Karani," akaniita. Karani! Siyo Baba Imani.

"Mama Mercy, nisamehe. Sikujua wangefanya vile."

"Ulijua." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mkubwa aliniwekea barua yangu mezani. Akaniuliza, 'Sista, huu mwandiko ni wa nani?' Juu yake kulikuwa na hiyo barua ya ofisi yenu ya kuituma. Nikatafuta jina lako, nikasema angalau Baba Imani yuko hapa na mimi. Halikuwepo. Kwa hizo karatasi zote, jina lililotembea ni langu peke yangu."

Mzee akageuza shingo. "Nani huyo, sista?"

"Hakuna, Mzee. Ni mtu wa makaratasi tu."

Akasukuma kiti wakaenda zao.

Ewe unayekusudia kuandika, tafadhali andika! Usiniogope mimi ukaacha. Lakini itie ile sentensi, juu kabisa, kabla ya jambo lenyewe. Baki na nakala yenye muhuri. Na karani akikuambia usiogope, muulize barua inaenda wapi ikitoka kwake, kisha umwangalie mikono. Akianza kukoroga chai, ondoka na barua yako.

Nawe karani mwenzangu, utakuja kuletewa mtu anayekuamini. Mwambie yote, hata kama akiisha kusikia ataenda nyumbani bila kuandika. Huo uamuzi ni wake. Mimi niliuchukua, na sijui namna ya kuurudisha.

Wodi bado ina kufuli. Nimekwisha kuandikia kamati barua yenye zile tarehe mbili, moja chini ya nyingine, na kueleza jinsi nilivyoziacha nje ya muhtasari. Iko kwenye begi langu wiki ya tatu sasa. Nikiipeleka nitafukuzwa, na Imani yuko darasa la pili.

Barua imekamilika, imebaki kutia jina. Nawe umeona kwamba hata hapa sijalitia.