Uzito wa Ekseli ya Nyuma

Siku ile nilimpakia shemeji yangu kwenye lori ili nimuumbue. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, na ndiye anayenipakilia mahindi ninayoyatoa Mitundu. Miezi michache nyuma, nilipobeba mzigo kamili kwa mara ya kwanza, mizani ya barabara kuu ilinikamata nimezidisha uzito. Nikatozwa faini, tajiri mwenye lori akaikata kwenye mshahara wangu, na mimi kwa hasira zangu nikaenda nyumbani kumwambia mke wangu kwamba kaka yake ni mwizi: amechomeka magunia yake katikati ya mzigo ili yasafiri bure. Wakati anapakia mimi nilikuwa nakunywa chai. Ushahidi sikuwa nao, lakini nilisema kama mtu aliyeona kwa macho.

Tangu hapo mke wangu aliacha kwenda kwao, na shikamoo yangu kwa shemeji ikawa ya kunong'ona. Yeye alikana mara moja tu, akaendelea kunipakilia. Basi safari hii chai niliiacha. Mzigo ulikuwa kamili tena, nami nilisimama nyuma ya lori nikahesabu gunia moja moja, yote yamepimwa ghalani, nikajumlisha mara mbili. Tulikuwa chini ya uzito unaoruhusiwa. Nikamwambia shemeji apande, akaone mwenyewe lori lisilochomekwa kitu linavyopita.

Tulivuka mchanga wa Mitundu bila kukwama, tukafika Itigi, tukashika lami. Kwenye mizani niliingia kifua mbele. Dada wa pale akatazama kioo chake, akaniambia niegeshe pembeni, nimezidisha.

Sikuelewa hili wala lile. Nilimtazama shemeji, nikayatazama magunia, nikamtazama tena shemeji, utadhani angeweza kuficha gunia ndani ya koti. Nilikuwa nimehesabu mwenyewe. Nikashuka, nikamwambia yule dada mizani yake ni mbovu. Hakubishana nami. Alinigeuzia karatasi akanionyesha: jumla ya lori ilikuwa sawa, ila ekseli ya nyuma, ule mhimili unaoshika magurudumu, ilikuwa imebeba kupita kiasi chake. Nikamuuliza, kama jumla iko sawa, nimezidisha nini? Akaeleza tena, polepole, kwamba kila ekseli ina kikomo chake. Miaka yote niliyokaa nyuma ya usukani nilijua kikomo kimoja tu.

Shemeji ndiye aliyeuliza, kwa adabu, kama tunaruhusiwa kusogeza magunia mbele kabla ya mambo ya faini. Dada akasema maadamu jumla haijazidi, dereva ana haki ya kuomba apange upya na apimwe tena, ila wengi hawaombi. Mara ile ya kwanza mimi sikuomba chochote. Niliambiwa nimezidisha, nikalipa harakaharaka niondoke, na karatasi yenyewe sikuisoma.

Tukafungua turubai, tukahamisha magunia juani mpaka mashati yakalowa. Tulipopimwa tena, tukapita.

Hapo nikamuuliza shemeji, bado kwa sauti ya lawama, kwa nini amelundika mzigo nyuma. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si wewe uliyesema? Tulipoanza kazi uliniambia nijaze nyuma, tairi zing'ate mchanga, tusilale njiani. Nimekupakilia hivyo hivyo kila safari."

Nilikuwa nimesema. Madereva wengi wa njia ile tunapakia hivyo, na nilizoea kujisifu kwamba sijawahi kukwama. Niliona aibu. Nikaanza kumwomba radhi, maneno yakinivurugika, ekseli na faini na chai vyote humo humo. Akanikatiza.

"Usiniambie mimi, shemeji. Mimi nilijua sikuiba. Mpigie mdogo wangu."

Nikapiga. Nilianzia kwenye ekseli, nikaeleza mchanga, nikaeleza lami, nikarudi kwenye ekseli, hadi mwenyewe nikawa sijui nilipofika. Mke wangu alisubiri mpaka nikaishiwa.

"Kwa hiyo kaka hakuiba?"

"Hakuiba."



"Mpe simu," alisema.

Nikampa, nikaenda kusimama upande wa pili wa lori.