Kitanda cha Bi Mwanaidi Ziwani

Safari yetu ya Rungwe ilitokana na kitanda. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa akipeleka Tukuyu vyombo vya harusi vya binti yake Zuhura, aliyeposwa na Masudi, fundi cherehani wa huko. Njiani alisimamisha lori kwenye mteremko, juu ya ziwa dogo lililo ndani ya shimo la mlima, akashuka kuswali bila kuweka jiwe chini ya gurudumu. Alipotoa salamu, lori lilikuwa linaingia majini polepole, na kitanda cha chuma juu yake. Baadaye mzee alifariki kwa ugonjwa mwingine kabisa. Mjane wake, Bi Mwanaidi, alishika neno moja: Zuhura haolewi mpaka kitanda kitoke, kwa kuwa ndicho alicholalia yeye siku ya harusi yake. Masudi akawa anasubiri.

Mume wangu Athumani aliwahi kufanya kazi bandarini Tanga pamoja na wazamiaji. Mmoja wao alipostaafu alimpa kofia yake ya shaba yenye kioo, mpira mrefu wa hewa na pampu ya mkono. Wakati wa Pasaka, ofisi zilipofungwa, Athumani alisema, "Twendeni tukakitoe."

Alhamisi alfajiri tuliondoka mtaani kwetu Mlandege kwa pikapu tuliyoazimwa na Mhindi jirani yetu. Mama mkwe alikaa mbele, kofia mapajani. Mimi na Zuhura tulikaa nyuma na pampu, tukitetemeka kwa baridi ya Sao Hill. Mimi na mama tulikuwa hatusemezani tangu mwezi wa Rajabu kwa ajili ya pilau. Akitaka maji, alimwambia Athumani amwambie Zuhura aniambie.

Makambako tulikunywa chai. Mwenye mkahawa aliitazama ile kofia, akauliza nani mgonjwa.

"Hakuna mgonjwa," alisema mama mkwe. "Tunakwenda kuchukua kitanda ziwani."

"Aa," alisema yule bwana, akafuta meza. "Basi mmechelewa kuondoka."

Ijumaa, baada ya kulala Mbeya kwa ndugu na wanaume kuswali, tulishika njia ya Tukuyu. Mvua ilinyesha toka mlimani mpaka bondeni. Mara mbili tulishuka kusukuma gari, mama akabaki ndani kuilinda kofia, na usiku tukalala njiani.

Jumamosi asubuhi tulifika ziwani. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Mwaipopo, mvuvi ambaye shamba lake la migomba linashuka mpaka majini. Alitusalimu kwa Kinyakyusa, "Mugonile," tukajibu "Ndaga," neno pekee tulilolijua. Akatukaribisha ndizi za kuchemsha. Tulipomweleza shida yetu, aliacha kula.

"Kitanda hakitoki," alisema. "Kile ni chumba."

"Chumba cha nani?" aliuliza Athumani.

"Cha perege. Zamani upande huu hawakukaa. Lori lilipoingia, wakahamia. Mimi nikawaongezea mapipa, baiskeli mbovu na mlango. Sasa hivi pana nafasi ya kutosha. Ukitoa kitanda, kila kitu kinabomoka, na mimi nakula nini?"

"Lori ni la marehemu mume wangu," alisema mama mkwe.

"Pole, mama. Nilimwona siku ile. Alisimama hapo, akavua kofia yake kama yuko msibani. Lakini lori lenyewe sasa lina wenyewe."

Athumani alisema atashuka kwanza aone, ndipo wazungumze. Tulipanda mtumbwi mkubwa, tukafunga mawe kiunoni mwake, tukamvika kofia. Akashuka mpaka maji yakamfika kifuani, akaning'inia pale, mikono imeshika mtumbwi. Tukangoja. Kisha akaashiria avuliwe.

"Kule Tanga," alisema, akitazama migomba, "mimi nilikuwa napiga pampu tu."

Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa amenisimulia meli zilizozama. Bi Mwanaidi alikaza kanga yake kiunoni.

"Nivisheni," alisema.

Tulimsihi, Zuhura akalia, Mzee Mwaipopo akasema hata yeye hajawahi kufika kule chini. Haikusaidia. Athumani alimweleza kwamba asiiname hata kidogo, maana kofia ile haina nguo yake ya kuzamia na maji yangeingia. Yeye mwenyewe ilibidi ashike kamba aliyofungwa mama, kwa kuwa ndiye aliyejua ishara. Basi pampu nikaishika mimi.

Mama alizama. Nilipiga pampu, mapovu yakapanda. Sikumpenda mtu yule, na mikono yangu ilikuwa ndiyo pumzi yake. Mabega yaliponiwaka moto, Zuhura alinipokea kidogo, kisha nikarudi. Kamba ikatulia muda mrefu mpaka Athumani akaanza kusoma dua. Ndipo ikavutwa.

Tulipomvua kofia, uso wake ulikuwa mkavu.

"Kimekaliwa," alisema.

"Na nani, mama?"

"Kuna samaki mkubwa na wanawe. Niliketi ukingoni, akanitazama mpaka nikaona aibu. Nimeingia chumbani mwa watu bila hodi." Akamgeukia Mzee Mwaipopo. "Waache. Mume wangu angewaacha."

Jumapili Zuhura aliolewa Tukuyu bila kile kitanda, Athumani akiwa walii wake wa kumwozesha. Mzee Mwaipopo alileta perege wa karamu. Masudi alituonyesha nyumba yake, na ndani mlikuwa na kitanda kizuri cha mbao, kimetandikwa zamani. Alisema alikuwa nacho siku zote, ila hakuna aliyemwuliza.

Nilichojifunza katika safari ile nilikipata Jumatatu, njiani kurudi, karibu na Chimala. Mama mkwe aliamua kukaa nyuma nami. Kisha akanisemesha mwenyewe.

"Kule chini husikii kitu ila hewa inavyoingia. Zuhura alipokupokea nilijua. Hewa yake ilisitasita. Yako ilikuja sawasawa."

"Mama," nilisema, "nilikuwa bado nimekukasirikia."

"Nilisikia," alisema. "Na hewa ilikuja vilevile."